Gawio la Hisa ni la Nani: la Aliyeuza au la Aliyenunua?



Miongoni mwa maswali yanayoulizwa sana siku hizi misikitini na majumbani, hata huku kwetu Singida tulio mbali na Dar es Salaam, ni maswali ya hisa. Zamani mali ya mtu wa Singida ilionekana kwa macho: ng'ombe zizini, mizinga ya nyuki porini, shamba la alizeti au la vitunguu. Leo kijana aliyeko Kiomboi, Manyoni au Ikungi aweza kununua hisa za kampuni kwa simu yake ya mkononi, wala asitoke nje ya ua wa baba yake. Jambo hili kwa asili yake si baya. Lakini mali ikija kwa njia mpya, na ugomvi nao huja kwa njia mpya, na ugomvi mwingi wa mali chanzo chake si wizi bali ni ujinga.

Yako malalamiko mawili ambayo aghalabu husikika. La kwanza ni la mnunuzi. Husema: "Nimenunua hisa siku ya Alhamisi. Daftari la kampuni limefungwa Ijumaa. Gawio limetoka, nami sikupata hata senti moja. Nimedhulumiwa!" La pili ni la muuzaji mcha Mungu. Husema: "Nimeuza hisa zangu zote, na baada ya mwezi nikaletewa gawio. Je, fedha hizi ni zangu, au nimekula haki ya aliyenunua?" Yule wa kwanza awatuhumu wenzake, na huyu wa pili aihofia nafsi yake. Lakini wote wawili wamekwama mahali pamoja, nao ni kutojua siku. Kwa hivyo tumeona yafaa tueleze jambo hili tangu mwanzo wake, ili kila nyumba ijue mpaka uko wapi.

HISA NI NINI, NA GAWIO NI NINI

Hisa ni fungu katika mali ya kampuni. Mwenye hisa moja katika kampuni yenye hisa milioni ni mshirika katika kampuni ile kwa fungu moja katika milioni. Ikipata faida ana sehemu, na ikipata hasara ana sehemu. Gawio ni ile faida ambayo washirika wamekubaliana igawanywe, isibaki katika biashara. Katika kampuni hizi kubwa, wakurugenzi hupendekeza kiasi cha gawio la mwaka, na mkutano mkuu wa wanahisa hulipitisha. Basi gawio si mshahara wala si ahadi ya kudumu. Mwaka wa hasara laweza lisiwepo kabisa.

Nchini kwetu hisa za kampuni kubwa huuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Soko hili liliundwa mwaka 1996, na biashara ikaanza tarehe 15 Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa ni TOL, watengenezaji wa oksijeni na gesi nyinginezo. Msimamizi wa masoko haya ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Majirani zetu wa Kenya wametutangulia, kwani soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na katika siku zake za mwanzo madalali walikutana hotelini, wakafanya biashara yao huku wakinywa kahawa.

Mtu haendi sokoni mwenyewe akapiga kelele za bei kama tufanyavyo mnadani. Hununua na kuuza kwa mkono wa dalali wa hisa mwenye leseni, au kwa njia ya simu ambayo nyuma yake yuko dalali. Na hisa zake haziwi karatasi za kufungia sandukuni, bali huandikwa kwa jina lake katika hifadhi kuu ya hisa, kila mtu na akaunti yake.

SIKU YA KUNUNUA SI SIKU YA KUKABIDHIWA

Hapa ndipo penye fundo la maneno yetu. Siku ambayo dalali wako amepatana na dalali wa mwenzako bei, hiyo ni siku ya mapatano. Siku hiyo bei imefungwa, wewe huwezi kusema "nimeghairi," wala muuzaji hawezi kusema "nimepata anipaye zaidi." Lakini siku hiyo jina lako bado halijaingia daftarini. Yako mambo ya kutimizwa: fedha zitoke kwa mnunuzi zimfikie muuzaji, na hisa zitoke katika akaunti ya muuzaji ziingie katika akaunti ya mnunuzi. Mambo haya mawili hufanywa pamoja, ili asitokee mtu aliyetoa fedha akakosa hisa, wala aliyetoa hisa akakosa fedha. Siku yanapotimia ndiyo siku ya makabidhiano.

Katika soko la Dar es Salaam makabidhiano ya hisa huwa siku ya 3 ya kazi baada ya siku ya mapatano. Aliyenunua Jumatatu, hukabidhiwa Alhamisi. Aliyenunua Alhamisi, hukabidhiwa Jumanne ya wiki ifuatayo, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Nairobi nako hesabu yao ni ya siku 3.

Mtu asidhani kwamba kungoja huku ni uvivu wa watu wetu. Huko London, mpaka mwaka 1994, biashara za kiasi cha wiki mbili zilikusanywa pamoja, kisha zikalipwa kwa siku moja. Marekani walikuwa wakingoja siku 5. Wakapunguza zikawa 3 mwaka 1995, zikawa 2 mwaka 2017, na tangu tarehe 28 Mei 2024 ni siku 1 tu. Kila siku inayopunguzwa hupunguza hatari ya mmoja kufilisika kabla hajatimiza ahadi yake.

TAREHE NNE ZA GAWIO

Kampuni itakapo kutoa gawio hutangaza tarehe, nazo ni nne. Twawaomba wasomaji wazishike vizuri.

Ya kwanza ni siku ya mwisho ya kununua hisa pamoja na gawio lake. Ya pili ni siku ambayo hisa huanza kuuzwa bila gawio. Nayo ndiyo siku ya kazi inayofuata ile ya kwanza. Ya tatu ni siku ya kufunga daftari. Siku hiyo kampuni hutazama majina yaliyomo, na wenye majina hayo ndio watakaopewa. Ya nne ni siku ya kulipa, ambayo yaweza kuwa wiki kadhaa baada ya daftari kufungwa.

Sasa tuwachukue Zaidi na Amri, wale wawili ambao kila mwanafunzi wa nahau anawajua. Kampuni imetangaza kwamba daftari litafungwa Ijumaa jioni. Zaidi amenunua hisa Jumanne. Tuhesabu: Jumatano siku ya 1, Alhamisi siku ya 2, Ijumaa siku ya 3. Ijumaa jina la Zaidi limeingia daftarini, naye atapata gawio. Amri amenunua Jumatano. Tuhesabu tena: Alhamisi 1, Ijumaa 2, Jumatatu 3. Ijumaa daftari linapofungwa, jina lililomo si la Amri, bali ni la yule aliyemuuzia. Kwa hivyo gawio ni la muuzaji. Jumanne ndiyo siku ya mwisho ya kununua hisa pamoja na gawio, na Jumatano ndiyo siku ya kwanza ya kuuzwa bila gawio.

Basi yule mlalamikaji wetu wa kwanza, aliyenunua Alhamisi, hakudhulumiwa na mtu yeyote. Alichelewa siku 2 tangu Jumanne, naye hakujua.

Na hapa yatupasa kuwaonya vijana. Wengi wenu husoma mafunzo ya hisa katika simu, na mafunzo mengi yametoka Marekani. Huko, kwa kuwa makabidhiano ni siku 1, siku ya kufunga daftari na siku ya kuanza kuuzwa bila gawio huwa kwa kawaida ni siku moja, na aliyenunua jana yake hupata. Kijana akiichukua hesabu hiyo akaipeleka Dar es Salaam, atakosa. Dawa ya kila mji hufuata maradhi yake.

JE, ALIYEUZA AKALA GAWIO AMEKULA HARAMU?

Turudi kwa muuzaji mcha Mungu. Ameuza hisa zake Jumatano, Jumatatu zikatoka mikononi mwake, na mwezi uliofuata akaletewa gawio. Je, ni lake?

Ndiyo, ni lake. Na sababu yake yajulikana na kila mchungaji wa Singida. Ukimleta mnadani ng'ombe mwenye mimba, mnunuzi hukupa bei ya ng'ombe na mimba yake, na mimba huenda pamoja na mama. Lakini akiwa amekwisha zaa, na ndama umemwacha zizini, mnunuzi hukupa bei ya ng'ombe peke yake. Hawezi kurudi kwako baadaye akasema, "Nipe na ndama," kwa sababu hakumlipia. Hisa kabla ya siku ile ni ng'ombe mwenye mimba; kuanzia siku ile ni ng'ombe aliyekwisha zaa.

Wanavyuoni wetu wana mfano ulio karibu zaidi na jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Umar, iliyomo katika Bukhari na Muslim, imewekwa hukumu ya mitende iliyouzwa baada ya kupandishwa mbegu: matunda yake ni ya muuzaji, ila ikiwa mnunuzi amesharutisha yawe yake. Tazama, ndugu msomaji, jinsi hukumu ilivyoweka alama iliyo wazi inayojulikana na pande zote mbili, ili pasiwe na neno baada ya biashara. Soko nalo limeweka alama yake, nayo ni siku iliyotangazwa. Hatusemi kwamba hisa ni mtende, bali twasema kwamba maana ya kuweka mpaka ni moja.

Ama ikitokea kinyume chake, yaani mtu amenunua kwa wakati, kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio, lakini makabidhiano yakachelewa kwa kosa fulani, na gawio likaingia kwa muuzaji, hapo mambo ni mengine. Muuzaji amelipwa bei ya ng'ombe na mimba yake. Gawio lile kwake ni amana, na yampasa alirudishe kwa njia ya madalali, hata kama mnunuzi hajui kudai. Kutojua kwa mwenye haki hakuiondoi haki yake.

KUKIMBILIA GAWIO SI FAIDA YA BURE

Wako wasemao: "Basi nitanunua siku ya mwisho, nipate gawio, kisha niuze siku inayofuata." Wadhani wamegundua hazina. Tutazame hesabu. Hisa inauzwa Shs. 2,000/-, na gawio ni Shs. 100/-. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, mwenye akili hawezi kuinunua kwa bei ile ile, kwani Shs. 100/- zimekwisha toka ndani yake; aghalabu bei hushuka kuelekea Shs. 1,900/-. Katika zile Shs. 100/-, serikali huchukua kodi ya zuio, ambayo kwa kampuni zilizoandikishwa katika soko la Dar es Salaam ni asilimia 5, zikabaki Shs. 95/-. Kisha yako malipo ya dalali wakati wa kununua, na malipo mengine wakati wa kuuza. Mkimbizaji wetu ametoka jasho bure.

Zaidi ya hayo, soko letu si pana. Ziko hisa ambazo hupitisha siku kadhaa hazikupata mnunuzi, na mtu aliyetaka kutoka kesho hujikuta yumo mpaka mwezi ujao. Hisa ni mali ya mwenye subira. Mwenye haja ya ada ya shule ya mwanawe wiki ijayo asiiweke huko.

SIKUKUU ZA IDI

Siku zinazohesabiwa ni siku za kazi za soko, na sikukuu za taifa hazimo katika hesabu. Idi zetu hufuata mwezi kuandama, wala hakuna ajuaye kwa yakini kabla ya usiku wake. Tuseme Zaidi amenunua Jumanne kama tulivyosema, na mwezi ukaandama, sikukuu ikawa Alhamisi. Hesabu yake sasa ni Jumatano 1, Ijumaa 2, Jumatatu 3. Ile siku aliyoitegemea imempita. Kwa hivyo daftari likikaribia kufungwa katika wiki ya Idi, mwenye kutaka kununua asingoje siku ya mwisho, bali amuulize dalali wake na atangulie kwa siku kadhaa.

MAMBO YA DINI YASIYOSAHAULIKA

Kabla ya kuuliza "gawio litalipwa lini," Muislamu huuliza "kampuni hii yafanya kazi gani." Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 1992 huko Jeddah, lilikubali kununua hisa za kampuni ambazo kazi zake ni halali, na likakataza kampuni ambazo kazi yake kuu ni haramu, kama riba na ulevi. Katika soko letu zimo kampuni za saruji na za gesi, na pia zimo za bia, za sigara, na za benki zinazokopesha kwa riba. Mtu asidanganywe na ukubwa wa gawio, bali atazame lilikotoka.

Jambo la pili ni kuuza kabla ya kukabidhiwa. Tumefunzwa kwamba mtu asiuze kitu alichokinunua kabla hajakipokea. Zile siku 3 basi zina fundisho kwa Muislamu: angoje hisa ziingie katika akaunti yake, ndipo aziuze. Na zaka nayo isisahauliwe. Mwenye kununua hisa ili azifanyie biashara hukumu yake ni ya mali ya biashara, yaani asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka unapotimia. Ama mwenye kuziweka kwa ajili ya gawio, wanavyuoni wana maelezo mbalimbali. Na amuulize shekhe anayemwamini.

MJANE NA YATIMA

Tumeliweka jambo hili mwisho kwa kuwa ndilo zito zaidi. Baba hununua hisa, hamwambii mkewe wala wanawe, kisha afariki. Mwaka hadi mwaka gawio hutolewa kwa jina la marehemu, na hakuna wa kulipokea. Watoto huuza mbuzi ili walipe ada, na ilhali mali ya baba yao imelala Dar es Salaam.

Yajulikane kwamba kifo hakifuti jina daftarini, wala hakifuti haki. Gawio lililokwisha kuthibiti kabla ya kufa kwake, hata kama halijalipwa, ni sehemu ya tarika: litalipiwa madeni, litatolewa wasia, na litakalobaki litagawanywa kwa mafungu ya mirathi. Gawio lililopatikana baada ya kufa kwake, kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ni ukuaji wa mali iliyokwisha kuwa ya warithi, nao hugawana kwa mafungu yao. Kwa hivyo tarehe zile tulizozieleza si za wafanya biashara peke yao. Kadhi na msimamizi wa mirathi nao wazihitaji, ili wajue kipi ni cha marehemu na kipi ni cha warithi. Msimamizi akiteuliwa na mahakama, na apeleke hati zake kwa dalali, ili hisa zihamishwe kwa majina ya wenyewe. Na mlezi wa yatima asiuze hisa za mtoto kwa pupa. Ajue kwanza kama anauza ng'ombe mwenye mimba au aliyekwisha zaa, apate bei iliyo haki.

NASAHA YETU

Kila nyumba yenye hisa na iwe na daftari dogo. Humo yaandikwe jina la kampuni, idadi ya hisa, nambari ya akaunti ya hifadhi, jina la dalali, siku ya mapatano, siku ya makabidhiano, na kila gawio lililopokewa. Majina yaandikwe kama yalivyo katika kitambulisho, na nambari ya benki au ya simu ikibadilika, habari ipelekwe mapema. Mke ajue daftari liko wapi, na mtoto mkubwa ajue. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, tumeamrishwa kuandika deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa. Na biashara ya hisa, kwa zile siku 3 baina ya mapatano na makabidhiano, ni ahadi ya muda maalumu baina ya watu wasiojuana sura.

Vijana wetu, jifunzeni hesabu ya siku kama mnavyojifunza hesabu ya fedha. Aliyejua siku yake hamtuhumu mwenziwe kwa dhuluma ambayo haikuwako, wala hali hofu kwa haki iliyo yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki za halali, na atuepushe na mali za watu kwa njia zisizo haki. Amin. Wallahu aalam.